Dürer wa 1484, Parmigianino wa 1524 au Anguissola wa 1554: uanze kunakili ipi?

Anayetaka kujichora mwenyewe kwa mara ya kwanza hushauriwa anakili kwanza kazi moja ya zamani, na ushauri huo ni mzuri. Shida huja kwenye kuchagua. Wengi hukimbilia picha ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1500 iliyoko Munich, ile anayotazama mbele moja kwa moja, nywele zimemshuka mabegani, vidole vimeshika ukosi wa manyoya. Ni kazi nzito mno kwa mwanzo. Dürer alipoichora alikuwa na miaka 28 na alishajichora mara kadhaa. Tabaka zake nyembamba za rangi ya mafuta zilizopandana haziigiki kwa mtu ambaye bado anahangaika kuweka macho mawili kwenye mstari mmoja. Anayeanza nayo huishia kuhesabu nywele.

Tafuta kwenye kazi za ujana. Jijini Vienna zimo tatu za enzi ya Renesansi (mwamko wa sanaa Ulaya wa karne ya 15 na 16), katika makumbusho mawili yasiyofika mwendo wa robo saa kwa miguu: Dürer akiwa mtoto (makumbusho ya Albertina), Parmigianino akiwa kijana, na Sofonisba Anguissola (wote wawili Kunsthistorisches Museum). Zote tatu ni ndogo, zote zilitokana na kioo, na kila moja inafundisha kitu ambacho nyingine hazifundishi.

| | Dürer | Parmigianino | Anguissola |
|---|---|---|---|
| Mwaka | 1484 | 1524 hivi | 1554 |
| Umri | 12 au 13 | 21 hivi | ishirini na kitu |
| Vifaa | ncha ya fedha, karatasi yenye mpako | rangi ya mafuta, ubao uliobinuka | rangi ya mafuta, ubao bapa |
| Ukubwa | takribani sm 27.5 × 19.6 | kipenyo sm 24.4 | sm 19.5 × 12.5 |
| Karatasi ya kuchapishia kwa ukubwa halisi | A4 | A3 | A5 |

Mstari wa mwisho wa jedwali usiupuuze. Kunakili kutoka kwenye simu kunaharibu kila kitu, kwa sababu unakuza na kupunguza picha bila kujua, na mkono wako unajifunza vipimo vya uongo. Makumbusho yote mawili yana picha za ubora wa juu kwenye tovuti zao. Chapisha kwa ukubwa halisi, kisha pima kwa rula kabla hujaanza, kwa kuwa mashine nyingi hupunguza picha ili itoshe karatasi.

Dürer, 1484: picha inayokufundisha mstari

Dürer alizaliwa Nuremberg tarehe 21 Mei 1471, mtoto wa sonara aliyehamia huko kutoka Hungaria. Mwaka 1484 alikuwa akijifunza kazi kwa baba yake. Kwa mchoraji Michael Wolgemut aliingia mwishoni mwa 1486. Chombo alichokishika hakikuwa kigeni nyumbani kwao. Ncha ya fedha ilikuwa kalamu ya masonara, waliyochorea mifano ya vikombe na vito kabla ya kuvifua.

Kalamu hiyo haina huruma. Fedha inapopita juu ya karatasi iliyopakwa mpako mweupe inaacha chembe zake, na hakuna kifutio kinachoziondoa. Ukikandamiza, mstari haukolei, unachimba mpako tu. Giza hupatikana kwa njia moja: mistari myembamba sambamba, kisha mingine juu yake kwa pembe tofauti kidogo, mara tatu au nne. Ndiyo sababu tunaiweka picha hii mbele ya zile mbili. Ndani ya saa moja inakuonyesha kama unatazama kabla ya kuchora, au unachora kwanza ukitumaini kurekebisha baadaye.

Angalia mkono mpana wa nguo upande wa chini. Mikunjo inavunjika kwa pembe kali, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa Ujerumani wa wakati huo, na hapo mtoto huyu anachora bila kusita. Panda juu hadi kwenye kiganja kinachonyoosha kidole, na utaona kusita: urefu wa kidole na unene wa kiganja havikubaliani sawasawa. Kwa mwanafunzi hili ni faida kubwa. Unanakili kazi ambayo ndani yake unaona alichokijua na alichokuwa bado anakitafuta.

Maana yake imejificha kwenye mikono na macho. Kiganja kimoja tu kinaonekana, kimenyooshwa kuelekea kitu kilicho nje ya karatasi. Kingine kimemezwa na nguo, na kwa mantiki ya kioo hicho ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Macho nayo hayatutazami. Anayejichora kwa kioo kimoja lazima akitazame kioo, kwa hiyo kwenye picha macho yake yatakutana na ya mtazamaji. Hapa yanakwenda kando. Ama alitumia vioo viwili, ama aliyachora macho kwa kukisia baada ya kumaliza uso. Kwa vyovyote vile, mtoto huyu aliamua kujionyesha kama mtu anayetazama na kuelekeza, na akaificha kazi yenyewe.

Kisha kuna maandishi ya juu, ambayo Dürer aliyaongeza akiwa mtu mzima: kwamba alijichora hivi kwa kioo mwaka 1484, alipokuwa bado mtoto. Alikitunza kile kikaratasi kwa miaka mingi, akakisoma upya, akakifanya ushahidi. Albertina inao pia mchoro wa ncha ya fedha wa baba yake akiwa ameshika kisanamu kidogo. Wataalamu wanabishana kama ni kazi ya baba au ya mwana. Iweke michoro hiyo miwili pamoja ukipata nafasi. Inasaidia kuona ni kiasi gani cha kile kilichomo kwenye uso wa mtoto kilikuwa ni lugha ya karakana nzima.

Vifaa vyake hupatikana hapa kwetu kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Nenda kwa sonara umwombe kipande cha waya wa fedha wa 925, unene wa mm 0.9, urefu wa sm 4 au 5. Unaingia kwenye penseli ya kubonyeza ya 0.9. Sugua ncha kwenye msasa laini huku ukiizungusha mpaka iwe mviringo. Ncha iliyokatwa kwa koleo ina makali, nayo itachana mpako kabla haijaacha alama.

Karatasi iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, iliyobandikwa kwenye ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne ili isijikunje. Mpako wa zamani ulikuwa unga wa mifupa iliyochomwa uliochanganywa na gundi ya ngozi. Leo gwashi nyeupe (rangi ya maji isiyopitisha nuru) inatosha, hata rangi nyeupe ya maji ya ukutani, mradi isiwe ya kung'aa. Iongezee maji mpaka iwe nzito kama maziwa ya mgando yaliyopigwa, upake tabaka tatu nyembamba: la kwanza kwa ulalo, la pili kwa wima, la tatu kwa ulalo tena. Kila moja likauke kabisa. Malizia kwa msasa namba 400, kwa mkono mwepesi.

Yanayoharibika huwa ni yale yale. Mpako mnene unapasuka karatasi ikipinda. Mpako unaong'aa haushiki fedha, na utadhani waya ni mbovu. Mafuta ya vidole yanaacha sehemu zisizopokea mstari, kwa hiyo weka kipande cha karatasi chini ya kiganja unapochora. Wengine hukata tamaa mapema wakiona mistari imepauka. Fedha huanza kijivu, na hewa huigeuza polepole kuwa ya hudhurungi kwa wiki na miezi. Usijaribu kulifikia giza la penseli laini ya 4B. Halipo kwenye chuma hiki.

Asiyepata waya atumie penseli ngumu ya 4H, na kifutio akiweke chumba kingine.

Parmigianino, 1524 hivi: picha inayokufundisha nafasi

Hii ndiyo inayowavutia wengi, na haki yao. Francesco Mazzola, aliyeitwa Parmigianino kwa sababu ya mji wake wa Parma, alizaliwa Januari 1503. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, anaeleza kwamba kijana huyu alijitazama kwenye kioo mbinuko cha kinyozi, akaona jinsi dari na milango inavyojipinda, akaamua kukiiga kioo chenyewe. Alimwendea fundi wa kukereza akatengenezewa mpira wa mti, ukapasuliwa, na juu ya kipande kilichobinuka akachora kila alichokiona. Aliupeleka Roma mwaka 1524 na kumpa Papa Clement VII. Baadaye kipande hicho kilipita mikononi mwa mwandishi Pietro Aretino, mchongaji wa fuwele Valerio Belli, mchongaji Alessandro Vittoria na Kaisari Rudolf II, kabla ya kufika Vienna.

Maana yake ni ya wazi kuliko ya Dürer. Ni barua ya kuomba kazi kwa mkubwa kuliko wote. Kiganja kikubwa chenye pete kimelala mbele kabisa, kikubwa kuliko kichwa, na uso uko nyuma, katikati, haujapinda hata kidogo. Kitovu cha kioo mbinuko hakipotoshi sana. Kijana aliuweka uzuri wake hapo, na upotoshaji wote akauachia mkono, dirisha na dari. Dürer alificha mkono unaofanya kazi. Huyu ameusukuma mpaka puani mwa Papa.

Huenda vioo vyao havikutofautiana sana. Vioo vya kioo vya karne ya 15 vingi vilikuwa vidogo na vimebinuka, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtoto wa Nuremberg naye aliona uso wake kwenye mbinuko, akaunyoosha kichwani mwake alipouhamishia kwenye karatasi. Miaka 40 baadaye Parmigianino aliuacha ulivyo na kuufanya kuwa ndiyo mada.

Ukichagua hii, usianze na rangi. Anza na kioo. Kioo cha pembeni cha gari kimebinuka kidogo mno. Kinachofaa ni kile kidogo cha duara ambacho madereva hukibandika kwenye kona ya kioo cha pembeni, au mgongo wa upawa wa chuma uliosuguliwa vizuri. Bora zaidi ni mpira wa chuma unaong'aa wa kipenyo cha sm 20, ukiupata.

Hesabu yake ni rahisi, na ukiielewa hutashangazwa na mkono tena. Mpira wa kipenyo cha sm 20 una fokasi (umbali wa nukta ambako miale huonekana kukutana nyuma ya kioo) ya sm 5. Kitu kilicho umbali fulani kinapungua kwa uwiano wa 5 kwa (5 + umbali). Weka kiganja cha urefu wa sm 18 kwenye umbali wa sm 5: kinaonekana takribani sm 9. Uso wa sm 22 ulio umbali wa sm 30 unaonekana kama sm 3 tu. Ukikivuta kiganja nyuma hadi sm 15, kinashuka hadi sm 4.5, na ajabu yote inaanza kuyeyuka. Kwa hiyo umbali wa kiganja ndio unaotawala picha hii. Tafuta pa kuegemeza kiwiko na uweke alama mezani, maana ukichoka mkono unasogea sm 2 na michoro miwili ya siku moja haifanani.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kukuza kiganja bila kuikunja dari na dirisha. Picha inaonekana kama mtu mwenye mkono uliovimba. Kila mstari ulionyooka usiopita katikati ya duara lazima ujipinde, na unapinda zaidi kadiri unavyokaribia ukingo. Chora duara kwa bikari, weka kitovu, kisha chora kwanza dirisha na boriti za dari kabla ya kugusa uso. La pili ni kunakili kwenye karatasi bapa na kulaumu jicho lako kwamba kuna kitu kinakosekana. Kweli kinakosekana. Ubao wa asili wenyewe umebinuka, na ukiutazama kutoka pembeni kidogo, rangi na mbao vinajipinda pamoja. Nakala bapa ni zoezi zuri la nafasi, lakini haitaleta udanganyifu wa asili. Anayeutaka akamwone fundi wa kukereza, au abandike tabaka za karatasi na gundi juu ya mgongo wa bakuli lisilo na kina, apake mpako, asugue kwa msasa.

Anguissola, 1554: picha inayokufundisha kusimama mbele ya mtu

Sofonisba Anguissola wa Cremona alikuwa binti mkubwa wa familia ya heshima. Baba yake, Amilcare, alimpeleka kwa mchoraji Bernardino Campi, jambo lisilo la kawaida kwa msichana wa tabaka lake, na alimwandikia hata Michelangelo kuhusu kipaji cha bintiye. Mwaka 1559 alikwenda Hispania kumhudumia malkia Elisabeth wa Valois.

Picha ya 1554 haina ujanja wa kioo wala madoido. Nguo nyeusi, nywele zimebanwa, macho yanakutazama, na mkononi kitabu kidogo kilichofunguliwa ambamo amejitaja kwa jina, akaeleza kwamba yeye, mwanamwali, amejichora mwenyewe, na mwaka. Hiyo ndiyo hoja yake nzima. Mwanamke hakuweza kuingia kwenye karakana ya watu wengine kama mwanagenzi wa kiume na kupata jina kwa njia hiyo. Picha ndogo zinazobebeka ndizo zilizolisambaza jina lake kwenye nyumba za wakubwa. Kwenye kazi hii mkono haufichwi wala haukuzwi, unashikilia ushahidi.

Kwa anayetaka kuanza rangi ya mafuta, hii inazishinda zote mbili. Palette ya rangi nne inatosha: nyeupe, ocha ya njano, nyekundu ya udongo na nyeusi. Kata mbao ya plaiwudi sm 19.5 × 12.5, ipake mpako mara tatu, usugue. Uchoraji wa kwanza uwe wa hudhurungi peke yake, na nuru itoke upande mmoja tu. Taa ya dari ikiwaka pamoja na dirisha, utapata vivuli viwili vya pua, na hakuna rangi itakayoviokoa.

Baada ya kunakili, ukihamia kwenye uso wako, kuna kipimo cha kukusaidia. Kwenye kioo bapa, alama za utosi na kidevu zikiwekwa juu ya kioo kwa kipande cha sabuni, jicho moja limefumbwa, huwa ni nusu ya urefu halisi wa kichwa, hata ukisogea mbali au karibu. Kichwa cha sm 22 hutoa sm 11. Hapo ndipo wengi huharibu nakala ya Anguissola: wanahamisha zile sm 11 kwenye ubao wa sm 19.5, na kitabu kinakosa pa kukaa. Amua kwanza kitabu kinaishia wapi, ndipo upime uso.

Alama zile za sabuni ziache kwenye kioo. Kila ukirudi kutoka kwenye ubao, rudisha utosi na kidevu mahali pake kabla ya kuchora. Kichwa kikiinama digrii chache tu, masikio yanapanda dhidi ya macho, na utajikuta unarekebisha uso uliokuwa sahihi.

Kwa hiyo uchague ipi

Kwa darasa la watu 40 lenye saa moja na nusu, chukua Dürer kwa penseli ya 4H bila kifutio, na uwape mkono wa nguo na kiganja pekee. Uso wote haumaliziki. Kwa kikundi cha watu sita au saba chenye siku nzima, kioo mbinuko kinafaa, kwa kuwa kila mmoja anahitaji kioo chake na nafasi ya kuegemeza kiwiko. Aliye peke yake nyumbani, mwenye dirisha moja zuri na jioni kadhaa, achukue Anguissola ikiwa ameshashika brashi.

Ambaye hajawahi kujichora kabisa aanze na Dürer, hata kama moyo wake uko kwa Parmigianino. Anayeruka mstari na kwenda moja kwa moja kwenye mbinuko hujificha nyuma ya upotoshaji, kwa sababu kosa lolote la uchoraji linaweza kusingiziwa kioo. Dalili ya kwamba uko tayari kuhama ni hii: weka nakala yako ya Dürer chini ya ile uliyochapisha, zishike zote mbili dhidi ya dirisha, na uone kama kidevu, ncha ya pua na ncha ya kidole vinaangukiana kwa tofauti isiyozidi mm 3. Karatasi ya gramu 300 inapitisha nuru kidogo, kwa hiyo fanya hivyo mchana wa jua kali, au hamisha alama tatu hizo kwenye karatasi ya kunakilia. Zisipoangukiana, rudia kiganja kwanza.

Anayesafiri hadi Vienna ajue kwamba mchoro wa Dürer, kwa kuwa ni karatasi, hutolewa kwa nadra na hukaa nje kwa muda mfupi kwa sababu ya nuru. Uliza Albertina kabla ya kukata tiketi.